Jiko Nalo ni Darasa

Wako wasomi wanaoshikilia kwamba mapishi si elimu. Nawapinga. Mtazame mama wa Mexico atengenezapo flautas, maana yake filimbi. Nyama huitokosa saa tatu kwa moto mdogo, hata ichambuke. Huiviringisha katika tortila, chapati nyembamba ya mahindi, akaikaanga hata ilie menoni. Na mahindi hayo huchemshwa kwanza kwa maji ya chokaa. Wazungu waliyachukua mahindi, wakaiacha chokaa. Maskini wa kaskazini mwa Italia, walioishi kwa mahindi matupu, wakaugua pelagra, maradhi ya ngozi na akili, kwa kukosa vitamini ambayo chokaa huifungua. Vyuo walikuwa navyo Wazungu. Elimu alikuwa nayo mama. Mwalimu mwenzangu, ukilidharau jiko, utamfundisha nini mtoto?