Bango la Sayansi Lipimwe Kabla ya Kupambwa

Msimu wa maonyesho ya sayansi ya shule za sekondari unapokaribia, huonekana katika maduka ya kuchapa ya mijini wanafunzi na walimu wao wakisubiri zamu, flashi mkononi. Ndani ya flashi hiyo mna kazi ya miezi mingi: vipimo vya maji ya kisima, ukuaji wa mbegu katika udongo wa aina tatu, au jiko linalopunguza matumizi ya mkaa. Mwenye duka huifungua kazi hiyo, akauliza ukubwa unaotakiwa, akabonyeza kitufe; na baada ya dakika chache karatasi yenye urefu wa zaidi ya mita moja hutoka mashinani. Hapo ndipo majuto huanza. Picha zimekuwa miraba miraba, duara limekuwa yai, namba za grafu hazisomeki, na fedha zimekwisha kulipwa.

Wapo wasemao kwamba hayo ni mambo ya mwenye duka, wala hayahusu somo la sayansi. Rai hiyo haina msingi. Makosa hayo yote hutokana na uwiano, urefu na pembe, mambo ambayo mwanafunzi hufundishwa katika madarasa ya kwanza ya sekondari. Hivyo basi mahali pa kuyarekebisha ni darasani, kabla ya safari ya mjini.

Yafaa kwanza ifahamike chombo chenyewe kilitengenezwa kwa kazi gani. Programu ya PowerPoint ilitolewa mwaka 1987, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuandaa kurasa za kuangazwa ukutani kwa projekta. Tangu toleo la mwaka 2013, slaidi yake ya kawaida ina upana wa sentimita 33.87 na kimo cha sentimita 19.05, yaani uwiano wa 16 kwa 9, ambao ni umbo la kioo cha kompyuta. Karatasi ya A0 ina umbo jingine. Vipimo vyake ni milimita 841 kwa 1,189, na uwiano wa pande zake ni kipeuo cha pili cha 2, yaani 1.414 hivi. Slaidi ya kawaida ikikuzwa mpaka ijae upana wa sentimita 118.9, kimo chake kitakuwa sentimita 66.9 tu, na sentimita 17.2 za karatasi zitabaki wazi. Fundi akiivuta ili ijaze nafasi hiyo, kila kitu kitarefuka kwa karibu robo. Grafu iliyovutwa namna hiyo humwonyesha mtazamaji mteremko mkali kuliko ule uliochorwa.

Dawa yake ni nyepesi. Ukubwa wa ukurasa uwekwe siku ya kwanza, kabla ya kuandikwa neno hata moja. Programu hiyo haikubali slaidi inayozidi inchi 56, yaani sentimita 142 hivi. Kwa hiyo A0 inaenea bila shida. Bango kubwa zaidi huandaliwa kwa nusu ya vipimo vyake, kisha likachapwa kwa asilimia 200.

Jambo la pili ni picha. Picha ya kompyuta ni jedwali la vipande vidogo vya rangi viitwavyo pikseli, na kuikuza hakuongezi pikseli hata moja. Kila kipande hupanuliwa tu. Jicho zima huweza kutofautisha nukta mbili zilizotengana kwa pembe ya dakika moja hivi, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa mtu aliyesimama mita moja kutoka bangoni, pembe hiyo ni sawa na milimita 0.29. Basi picha yenye pikseli 90 hivi katika kila inchi humtosha mtazamaji huyo, na yenye 150 humtosha hata anayesogea karibu. Picha yenye upana wa pikseli 600 ikichapwa kwa upana wa sentimita 60 itakuwa na pikseli 25 tu kwa inchi, na kila kipande kitakuwa na upana wa milimita moja kamili. Picha ya simu yenye pikseli 4,000, ikichapwa kwa upana wa sentimita 40, itakuwa na 254 kwa inchi. Mgawanyo huo mmoja, ukifanywa kwa kalamu na karatasi, huokoa bango zima. Tena picha ichukuliwe kutoka simu iliyoipiga, kwa kuwa ile iliyopitishwa katika mitandao ya ujumbe mara nyingi huwa imekwisha kupunguzwa pikseli zake.

Jambo la tatu ni zito zaidi kisayansi. Mwanafunzi huchora seli za kitunguu alizozitazama kwa hadubini, akaandika chini yake kwamba mchoro umekuzwa mara 100. Bango lililoandaliwa kwenye A4 likichapwa kwenye A0, kila urefu huzidishwa kwa 4, na maandishi hayo hugeuka uongo bila mtu yeyote kuyagusa. Laiti angechora kando ya seli mstari mfupi wenye urefu uliotajwa, mathalani mikromita 50, mstari huo ungekua pamoja na mchoro na kubaki kweli katika karatasi yoyote.

Kuzidisha huko kwa 4 ni msaada mkubwa pia. Karatasi za A hupatikana kwa kukunja nusu kwa nusu bila umbo kubadilika, na A0 ni sawa na karatasi 16 za A4. Kwa hiyo bango lote laweza kujaribiwa kwa nakala moja ya A4. Nakala hiyo ikishikwa sentimita 25 mbele ya macho, huonekana sawasawa na bango la A0 lililo umbali wa mita moja. Herufi za pointi 24 bangoni huwa pointi 6 katika nakala. Zisiposomeka hapo, hazitasomeka ukumbini. Nakala ya mwisho ihifadhiwe kama faili la PDF lenye herufi zake ndani, ili maandishi yasihame pale kompyuta ya duka inapokosa aina ile ya herufi.

Lakini hata hesabu hizi zikifanywa zote, swali la haki linabaki. Shule iliyo mbali na mji haina mashine ya A0, wala nauli ya kuifuata. Wanafunzi wake huleta karatasi za manila zilizoandikwa kwa mkono, zikatundikwa kando ya mabango yang'aayo. Mwamuzi mchovu, mwenye miradi mingi ya kupitia kwa siku moja, huvutwa kwanza na kile king'aacho. Ni kweli kwamba unadhifu ni sehemu ya kazi ya sayansi, na kwamba maandishi ya mashine husomeka kwa urahisi. Hata hivyo, ubora wa wino hauonyeshi kama jaribio lilirudiwa, wala kama mmea wa kulinganishia uliwekwa. Inafaa waandaaji wa maonyesho waweke kanuni mbili: karatasi 16 za A4 zilizobandikwa pamoja zihesabiwe sawa na A0 moja, na manila iliyoandikwa kwa mkono isipunguziwe alama maadamu inasomeka kutoka mita moja. Alama za bango zitolewe kwa usomekaji, usahihi wa vipimo na ukweli wa grafu.

Walimu wa hisabati, fizikia na biolojia wanayo hapa kazi moja ya pamoja isiyohitaji maabara wala fedha. Vipindi viwili vinatosha: kimoja cha uwiano na pikseli, kingine cha kujaribu nakala ya A4. Mwanafunzi aliyepitia vipindi hivyo ataingia katika duka la kuchapa akijua anachotaka, naye ambaye hatafika dukani kamwe ataweza kuisimamisha kazi yake ukumbini pasipo kuinamisha kichwa.