Kabla ya kuomba projekta ingine, tuombe vitambaa vyeusi

Vijana wenzangu wa Nakivale, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma, nisikilizeni. Nimesikia kikundi chetu kinataka kuandika barua tena, kuomba projekta ingine yenye mwanga mkubwa zaidi. Mimi napinga, na nitaeleza kwa nini.

Wengi mlikuwepo siku ile tulipoonyesha filamu yetu fupi, ile ya simu, tulipowauliza wazee vile walivyovuka kutoka Kongo. Tulianza saa kumi mchana. Kwanza waya ilikataa: kompyuta ina tundu la HDMI peke yake, projekta ya kuazima ni ya zamani, ina VGA. Kijana mmoja akakimbia mpaka Base Camp kutafuta adapta. Amerudi, picha imetokea, lakini sauti hakuna! Wazee wetu wanafungua midomo tu ukutani, watoto wanacheka. Kumbe VGA inabeba picha peke yake. HDMI ndiyo inabeba picha na sauti pamoja. Ilitakiwa tu waya ndogo kutoka tundu la ile adapta, au la hedifoni kwenye kompyuta, mpaka kwenye spika. Kitu cha bei ndogo kabisa.

Hata sauti ilipokuja, sura za wazee hazikuonekana vizuri. Jua lilikuwa linaingia madirishani. Mtu wa ofisi akasema basi, wiki ijayo tufanye saa mbili usiku.

Hapo ndipo mimi nina shida. Usiku picha ilikuwa safi, ni kweli. Lakini angalieni nani alikuwepo. Vijana wa kiume, na watoto wachache waliotoroka nyumbani. Dada zetu hawakuja. Mama gani atamruhusu binti yake atembee njia ile isiyo na taa saa nne usiku? Dada wawili waliorekodi nusu ya filamu hiyo hawajaiona kwenye skrini mpaka leo. Tukisema "sinema ni ya usiku", tumeshachagua nani aone, hata kama hatukukusudia.

Sasa watu wanasema dawa ni mashine kubwa. Hapana. Projekta haiwezi kurusha rangi nyeusi. Pale filamu ina giza, mashine inaacha tu kitambaa bila mwanga, na kama jua limeshafika hapo, nyeusi yako inakuwa kijivu. Ukiziba jua, hata projekta ya kawaida inatosha. Na ile kubwa itakula umeme. Betri yetu ya sola ni volti 12, amp-saa 100, yaani wati-saa 1,200, na betri ya aina hii ukiimaliza kupita nusu unaiua mapema. Unabaki na 600. Projekta ya wati 300 inazimaliza kwa saa mbili, na hapo sijahesabu kompyuta na spika.

Kuna jambo lingine tunakosea wenyewe. Tunapenda picha ijaze ukuta mzima. Ukiongeza upana mara mbili, eneo linakuwa mara nne, na mwanga ule ule unagawanywa mara nne. Mchana tutumie upana wa mita moja na nusu, watu wakae karibu. Kwa projekta nyingi za kawaida, unaiweka kama mita mbili na robo kutoka kwenye skrini. Iwe mbele sawasawa, isiinuliwe kutoka chini kwa matofali halafu tunanyoosha picha kwa menyu, maana kunyoosha huko kunapunguza ubora. Shuka jeupe linafaa, lakini nyuma yake mfunge kitambaa cheusi, la sivyo mwanga unapita. Turubai sipendi, linang'aa katikati.

Kwenu ndugu wa mashirika, naomba kwa heshima: mkileta mashine, leteni na boksi la waya zake, na boksi likae kwa vijana, sio ofisini kwenye kabati ambalo ufunguo wake umesafiri kwenda Mbarara. Na mkifundisha kuunganisha, msiwafundishe wavulana watatu tu. Siku ile wote tuliosimama mezani tulikuwa wanaume, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua habari ya VGA.

(Na tafadhali, zile za taa: msichomoe umeme ghafla. Zimeni kwa kitufe, ngojeni feni isimame yenyewe.)

Barua ikiandikwa, nitaweka jina langu kama inaanza na vitambaa. Ukumbi una madirisha sita na mlango mmoja. Nimeshapima: mita kumi na mbili za kitambaa kizito cheusi, na misumari.