BO DIDDLEY HAKUWA MWEHU

Wako ndugu zetu wanaocheka wakionyeshwa picha ya Bo Diddley, yule Mwafrika wa Marekani mwenye miwani minene, kofia nyeusi, na gita la pembe nne kama sanduku la safari. Ati mwehu! Nawaomba wacheke, kisha wasome.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1928 katika mji wa McComb, jimbo la Mississippi, akalelewa na binamu ya mama yake, aliyehamia naye Chicago angali mtoto. Kanisani alifundishwa fidla. Baadaye akashika gita, akawa akilipiga barabarani kwa kutafuta senti, huku akifanya useremala. Basi mtu aliyezoea msumeno na mbao, gita la dukani halimtishi. Alijiundia la kwake, kwa umbo alilolitaka mwenyewe. Baadaye yakafuata mengine ya ajabu, hata moja likavikwa manyoya. Nyumbani kwake Washington alitengeneza chumba chake cha kurekodia. Na alipotaka mpiga gita wa pili, mwaka 1957, alimchukua msichana, Peggy Jones, wakati ambapo wanaume wengi waliona gita la umeme si kazi ya mwanamke. Huo ndio wehu wake: hakungoja ruhusa ya mtu.

Santuri yake ya kwanza ilitoka mwaka 1955. Jerome Green alitikisa manyanga, na gita lenyewe likapigwa kama ngoma. Mdundo ule una ukoo mrefu. Huko South Carolina watumwa waliasi mwaka 1739, na sheria ya mwaka uliofuata ikawakataza ngoma. Ngoma ikiisha kunyang'anywa, mapaja yapo, vifua vipo, viganja vipo. Watu weusi wa Marekani waliupiga mdundo kwa miili yao, wakawarithisha watoto wao.

Novemba 1955 aliitwa katika televisheni, kwenye maonyesho ya Ed Sullivan. Alitakiwa aimbe Sixteen Tons, wimbo wa mchimba makaa ambaye kadiri achimbavyo ndivyo deni lake katika duka la kampuni lizidivyo. Yeye akaimba wimbo wake mwenyewe. Sullivan akakasirika mno, na Bo Diddley hakuitwa tena.

Lakini deni lilimfuata. Sheria ya hakimiliki hulinda maneno na tuni. Mdundo mtupu haulindi. Mwaka 1957 Buddy Holly akajenga wimbo Not Fade Away juu ya mdundo uleule. Mwaka 1963 Bo Diddley alizunguka Uingereza katika msafara mmoja na vijana wa Rolling Stones, waliokuwa bado wageni jukwaani. Mwaka 1964 vijana hao wakaurekodi wimbo huo wa Holly, ukawapandisha juu. Kwa mdundo huo mwenye kuutangaza duniani hakudai hata senti, kwa kuwa sheria haikumpa pa kudaia. Na hata kwa nyimbo zilizokuwa zake kwa maneno na tuni, alilalamika mpaka uzeeni kwamba hakulipwa stahili yake.

Mtu ataniuliza: mbona mdundo wenyewe aliurithi? Kweli, aliurithi. Ila sioni jinsi jambo hilo linavyowapa haki wale walioupata bila kuurithi.

Hakufa maskini wa heshima. Katika miaka ya 1970 alikuwa hata naibu wa polisi wa wilaya huko New Mexico (hapo nami nilicheka), na mwaka 1987 akaingizwa katika jumba la watukufu wa muziki wa roki. Lakini heshima hailipi kodi ya nyumba. Mwaka 2007, akiwa na miaka 78, alikuwa angali safarini kupiga muziki, ndipo kiharusi kilipompata. Alifariki tarehe 2 Juni 2008.

Sasa tutazame nyumbani. Katika dansi ya kuchangia mfuko wa tawi letu, bendi ilipiga tangu saa mbili usiku hadi alfajiri. Wapigaji walipewa soda na nauli. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba wao ni wapenzi wa muziki, hawana neno. Nimeliandikisha jambo hili katika kikao kijacho cha kamati, na yule ndugu mpiga solo, ambaye mchana ni fundi baiskeli, nimemwomba aje aseme kwa kinywa chake.