Nani anachunga mlima kwa ajili ya wanaolala chini yake?

Ukiketi na familia zilizotoka Goma zikafikia kwa ndugu zao hapa Kamalondo, mtaa wa uwanja wa TP Mazembe, mazungumzo huanza na vita, lakini mara nyingi huishia kwenye mlima wa moto, Nyiragongo, mita 3,470.

Mbuga ya Virunga ilipokuwa bado inapandisha watalii, kupanda kulikuwa na sheria. Waliondokea Kibati pamoja na walinzi wenye silaha, wakalala katika vijumba ukingoni mwa shimo. Hatari ilikuwepo: mwaka 2007 mtalii mmoja alianguka humo akafa. Mwaka 2018 watalii walitekwa na mlinzi wao akauawa, mbuga ikafungwa kwa miezi mingi. Angalau kulikuwa na mtu mwenye neno la mwisho la kusema: hapandi mtu.

Mtalii alilala juu usiku mmoja. Wenyeji wa Buhene wamelala chini ya mlima huo maisha yao yote, na siku ya posho, tarehe 22 mwezi wa tano 2021, hakuna aliyewaambia watoke. Lava ilishuka jioni bila onyo. Watu zaidi ya 30 walikufa. Kituo cha kuchunguza volkano pale Goma kilikuwa kimepitisha miezi bila intaneti ya kupokea habari za vyombo vyake vya mlimani, kwa sababu msaada wa Banki ya Dunia ulikuwa umekwisha. Intaneti tu! Tarehe 27 ndipo gavana alipoamuru sehemu kubwa ya mji ihame, watu wakaenda Sake kwa miguu, godoro kichwani.

Wako wanaosema mlima ni kazi ya Mungu. Sawa, lakini kusoma vyombo ni kazi ya mtu, na mtu huyo anahitaji mshahara.

Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa M23, na wakuu wakizungumzia kurudi kwa wahami wanataja silaha peke yake. Nyiragongo ulilipuka 1977, 2002 na 2021, na hakuna mkataba unaoufunga. Mama atakayeambiwa arudi Buhene ana haki ya kuuliza kwanza: usiku mlima ukichafuka, ni nani atakuja kugonga mlango, na barabara gani itakuwa wazi?