BETRI YA GUNDI: nani kaamua simu yako ife mapema?

Leo tuongelee betri.

Waliotumia zile Nokia za kitochi wanajua. Betri ikivimba unafungua mfuniko kwa ukucha, unaweka nyingine, maisha yanaendelea. Simu nyingi za leo betri imegandishwa ndani kwa gundi. Ikichoka, fundi inabidi apashe moto mfuniko, abandue taratibu huku anamwomba Mungu kisipasuke kitu. Ukipigiwa bei ya kazi hiyo unaona bora ununue simu nyingine. Ya zamani inakaa kwenye droo, halafu jalalani.

Hapa ndipo nataka tubishane. Tumezoeshwa kwamba taka ni tabia mbaya ya mtumiaji. Mimi nimeishia form four, lakini hesabu hii naiona: taka ya simu inaamuliwa kiwandani, siku mbunifu anapochagua gundi badala ya skrubu. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa vizuri haikufika hata robo.

Makampuni hujitetea kuwa gundi inazuia maji. Sawa, ila Samsung Galaxy S5 ya 2014 ilihimili maji na mfuniko wake ulitoka kwa kidole, betri nje! Mwaka uliofuata S6 ikaja imefungwa. Fairphone ya Uholanzi, iliyoanza 2013, mpaka leo inauza simu ambayo betri unabadilisha mwenyewe. Kwa hiyo inawezekana. Tatizo, simu yako ikidumu miaka saba, hiyo mpya watamuuzia nani?

Ulaya wameona kubembeleza hakusaidii, wakatunga sheria. Tangu 20 Juni 2025, simu mpya inayoingizwa soko la Umoja wa Ulaya lazima betri yake ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mara 800, na vipuri vipatikane kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Kabla ya hapo waliamuru tundu la chaji liwe moja, USB-C, kufikia 28 Desemba 2024. Apple walilalamika weee, lakini iPhone 15 ya 2023 ikaja nalo, hata iliyouzwa Kariakoo.

Tundu limetufikia bure kwa sababu kiwanda hakikutaka kutengeneza aina mbili. Haki ya vipuri haisafiri hivyo. Muuzaji wa hapa sheria ya Ulaya haimbani hata kidogo.

Msiniambie sisi soko dogo. Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia. Tarehe 1 Juni 2019 tukaaga mifuko ya plastiki. Jirani zetu Kenya wana sheria ya 2022 inayombebesha mzalishaji mzigo wa taka ya bidhaa yake. Nchi za Afrika Mashariki zikikaa pamoja, kabla mzigo haujatoka bandarini waulize mambo mawili tu: betri inatoka bila moto? Vipuri vitakuwepo miaka mingapi? Jibu likiwa longolongo, mzigo urudi.

Swali kwenu wadau: ungeongeza elfu ishirini upate simu ya kubadili betri mwenyewe? Na mafundi mliopo humu, tupeni ukweli wa mezani kwenu. Tiririkeni!