Dizeli Ina Bei ya Tunduma, Mshahara Hauna

Amri mpya ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi, iliyotangazwa Oktoba 2025 na kuanza kutumika Januari 1, 2026, ilishangiliwa kwa tarakimu moja: wastani umepanda kwa asilimia 33.4, kutoka Sh275,060 hadi Sh358,322. Huo ni wastani wa sekta zote, na Mkoa wa Songwe hauli kutoka sekta zote; unakula kutoka shambani. Katika amri ya 2022 mfanyakazi wa kilimo alipangiwa Sh140,000, nusu tu ya wastani wa wakati huo na chenji kidogo. Kinachokera zaidi ni utetezi unaofuata kila nyongeza: eti mikoani maisha ni nafuu, kwa hiyo pengo la mishahara kati ya Dar es Salaam na kata kama Ivuna, kule bonde la Rukwa, ni la haki. Si la haki, na Serikali yenyewe ina ushahidi.

Ni kweli kwamba pango la chumba Ivuna si la Sinza, na mchele hausafiri mbali kumfikia mlaji. Ni kweli pia kwamba mwajiri mdogo wa Momba, wilaya ya Ivuna, hana mauzo ya Kariakoo. Hayo tumeyasikia.

Sasa tazama ushahidi wenyewe: EWURA, mamlaka ya Serikali inayodhibiti nishati na maji. Kila mwezi hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, na kila mji hupewa bei yake kwa kuongezewa gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini. Tunduma, mkoani Songwe, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, hulipa zaidi kwa lita ileile. Bei hiyo haibaki kituoni: inaingia katika nauli, katika kusaga mahindi, katika bati, sabuni na dawa, na kutoka Tunduma hadi Ivuna inaongezeka tena. Dola inayojua kukokotoa umbali hadi shilingi moja inapopanga bei ya dizeli, inawezaje kusahau hesabu hiyo inapofika kwenye mshahara? Umbali ukimdai mnunuzi ni gharama halali. Ukimdai mwajiri, ghafla tunaambiwa kijijini hakuna gharama.

Wapo wanaosifu Kenya kwa kupanga mishahara kwa maeneo. Katika agizo lake la 2022, kibarua wa Nairobi alipangiwa Sh15,201.65 za Kenya, na yule wa nje ya miji Sh8,109.90. Huko ni kuchukua umaskini wa mahali na kuupiga muhuri wa gazeti la Serikali. Kama eneo litahesabiwa, lihesabiwe kwenda juu: kima cha sekta kibaki sakafu ya nchi nzima, kisha iwepo nyongeza ya umbali, kwa jedwali lilelile la mafuta. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 tayari inamruhusu waziri kupanga kima kwa sekta na kwa eneo. Ameitumia nusu ya kwanza.