Njaa ya wajawazito mashariki mwa Kongo: mizani ya mtoto mchanga haisemi yote

Mwezi Machi mwaka 2025, mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayoshughulikia chakula yalitangaza kwamba watu wapatao milioni 28 katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walikuwa wakikabiliwa na uhaba mkubwa wa chakula, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa nchini humo. Tangazo hilo lilitolewa wiki chache baada ya miji ya Goma na Bukavu kuangukia mikononi mwa waasi wa M23, na wakati huo makumi ya maelfu ya wakazi wa Kivu Kusini walikuwa wamekwisha kuvuka mto Rusizi na kuingia Burundi. Hesabu za namna hiyo huwahusu watu walio hai na wanaoonekana. Watoto ambao bado wamo matumboni hawamo ndani yake, ingawa huenda ndio watakaoibeba njaa hii kwa miaka mingi kuliko wengine wote.

Habari za lishe ya mama mjamzito kwa kawaida huishia siku ya kujifungua. Mtoto akizaliwa na uzito ulio chini ya kilo 2.5 huandikwa kuwa mdogo na hufuatiliwa; akizidi kipimo hicho, familia humshukuru Mungu na mambo huishia hapo. Utafiti uliofanywa kwa takriban miaka 50 sasa unaonyesha kwamba kipimo hicho peke yake chaweza kumpotosha mpimaji. Mtoto aliyekosa chakula tumboni mwa mama yake aweza kuzaliwa na kilo zake kamili, akakua kama wenzake, kisha athari zikajitokeza akiwa na umri wa miaka 20 au 50. Na la kushangaza zaidi ni kwamba athari hizo huja kwa sura ya unene.

Ushahidi ulio wazi kuliko mwingine ulitoka Uholanzi. Mwezi Septemba 1944, majeshi ya washirika yalipokuwa yakijaribu kuuteka mji wa Arnhem, serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni London iliwataka wafanyakazi wa reli wagome ili kuwakwamisha Wajerumani. Wajerumani walijibu kwa kuzuia chakula kisipelekwe katika miji ya magharibi. Zuio hilo lilipolegezwa mwezi Novemba na usafiri wa majini kuruhusiwa, baridi kali iliwahi na mifereji ikaganda. Mwishoni mwa Novemba mgao wa mtu mmoja mjini Amsterdam ulikuwa umeshuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, na kuanzia Desemba hadi Aprili 1945 ulikuwa kati ya kalori 400 na 800. Watu walikula vitunguu vya maua ya tulipu na viazisukari vya kulishia mifugo. Watu wapatao 20,000 walikufa. Nchi ilipokombolewa mwezi Mei 1945 chakula kilirejea haraka sana: ilipofika Juni mgao ulikuwa umepita kalori 2,000.

Kwa wanasayansi, balaa hilo lilikuwa na sifa ambazo njaa nyingi hazina. Lilianza na kumalizika kwa tarehe zinazojulikana. Liliwapata matajiri na maskini kwa pamoja. Wajawazito waliendelea kuhudumiwa, na wakunga na madaktari hawakuacha kuandika: uzito wa mtoto, tarehe, hali ya mama. Kwa sababu hiyo iliwezekana, miaka mingi baadaye, kujua ni nani aliyepatwa na njaa akiwa na miezi mingapi tumboni.

Mwaka 1976, Gian Paolo Ravelli, akishirikiana na Zena Stein na Mervyn Susser, mke na mume waliokuwa madaktari kutoka Afrika Kusini, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa kumbukumbu za vijana wa kiume 300,000 wa Uholanzi waliopimwa afya wakiwa na umri wa miaka 19 kabla ya kuingia jeshini. Wale ambao njaa iliwakuta katika nusu ya kwanza ya ujauzito wa mama zao walikuwa na unene wa kupindukia kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya wengine. Wale ambao njaa iliwakuta katika miezi mitatu ya mwisho na mwanzoni mwa uhai wao walikuwa kinyume chake: wanene miongoni mwao walikuwa wachache kuliko kawaida. Njaa ilikuwa moja, majira yale yale ya baridi. Kilichotofautisha matokeo ni mwezi wa mimba.

Maelezo ambayo wataalamu wengi wameyakubali ni kwamba miezi ya mwanzo ndiyo inayojenga mifumo ya kutawala hamu ya chakula na matumizi ya nguvu mwilini, na miezi ya mwisho ndiyo inayojaza chembe za kuhifadhi mafuta. Kijusi kinachokosa lishe mapema hujipanga kuishi katika dunia yenye uhaba. Hubana matumizi na kuweka akiba. Hata viungo kama kongosho na figo vyaweza kupungukiwa ili ubongo upate haki yake. Daktari David Barker wa Uingereza na mwenzake Nicholas Hales waliliweka wazo hilo katika nadharia yao ya mwaka 1992, ambayo kwa Kiswahili ingefaa kuitwa nadharia ya mwili wenye kubana matumizi.

Yapo mambo mawili katika takwimu za Uholanzi ambayo yanastahili kusomwa mara mbili. La kwanza linahusu mizani. Watoto walioikuta njaa katika miezi ya mwisho ya ujauzito walizaliwa wadogo, wakipungukiwa na takriban gramu 300. Lakini walioikuta mwanzoni, kisha mama zao wakapata chakula kabla ya kujifungua, walizaliwa na uzito wa kawaida. Hakuna mkunga ambaye angeweza kuwatambua kwa macho, wala kwa kuwapima. La pili linahusu jinsia. Waliozaliwa Amsterdam walipopimwa tena wakiwa na umri wa miaka 50, wanawake walioguswa na njaa mwanzoni mwa ujauzito walikuwa na uzito uliozidi wa wenzao kwa karibu kilo 8, na viuno vyao vilikuwa vipana zaidi. Kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana tena.

Mwaka 2008 watafiti walikwenda mbali zaidi. Waliwachukua watu 60 ambao mimba zao zilitungwa wakati wa njaa na kuwalinganisha na ndugu zao wa tumbo moja wa jinsia ile ile. Miongo 6 baada ya vita, alama za kikemia zinazoongoza utendaji wa jeni moja inayohusika na ukuaji zilikuwa pungufu kwa wale wa njaa. Jeni yenyewe haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni namna mwili unavyoisoma.

Kama ushahidi ungeishia hapo, mtu angesema kwamba tumbo la mama ndilo linaloamua kila kitu. Mji wa Leningrad unakataa jibu rahisi la namna hiyo. Mji huo ulizingirwa na jeshi la Ujerumani kwa siku 872, kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944, na njaa yake ilikuwa mbaya kuliko ya Amsterdam kwa kila kipimo. Hata hivyo, watu waliokuwa tumboni wakati huo walipopimwa miaka ya 1990, miili yao haikuonyesha kushindwa kuimudu sukari zaidi ya wengine. Tafsiri inayotolewa mara nyingi ni kwamba mtoto wa Leningrad alizaliwa katika uhaba ule ule alioandaliwa tumboni, na uhaba ukaendelea kwa miaka kadhaa. Mtoto wa Amsterdam aliandaliwa kwa ajili ya njaa, akakutana na shibe. Hatari, kwa maelezo hayo, hukaa katika pengo kati ya dunia ambayo mwili uliitarajia na ile ulioikuta.

Hapa ndipo suala hili linapoingia Afrika. Uchunguzi ulio karibu nasi zaidi ulifanyika mjini Enugu, Nigeria, ambako watu wazima 1,339 walipimwa kwa ajili ya kuchunguza athari za njaa ya vita vya Biafra vya 1967 hadi 1970. Waliokuwa tumboni au wachanga wakati wa njaa walikuwa, wakiwa na umri wa karibu miaka 40, na shinikizo la damu lililo juu zaidi, sukari zaidi katika damu, na uzito uliopitiliza mara nyingi zaidi kuliko waliozaliwa baada ya vita. Ni kweli kwamba kundi la kulinganishwa lilikuwa na umri mdogo kidogo, na kwamba waliopimwa ni wale tu walionusurika. Lakini mwelekeo wa matokeo unafanana na wa Uholanzi. Enugu ya leo, kama miji yetu mingi, ina mafuta ya kukaangia, sukari na pikipiki za abiria. Haifanani na vijiji vya mwaka 1968.

Nchi za Maziwa Makuu na jirani zake zipo katikati ya mabadiliko hayo hayo, kila moja kwa kasi yake. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa watoto 18 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano, na uzito uliopitiliza au unene wa kupindukia kwa wanawake 45 kati ya 100. Nchini Rwanda udumavu ulikuwa asilimia 33 mwaka 2019-20, huku wanawake wenye uzito uliopitiliza wakiongezeka kutoka asilimia 21 hadi 26 katika muda wa miaka mitano. Tanzania ilikuwa na udumavu wa asilimia 30 mwaka 2022. Burundi, katika utafiti wa mwaka 2016-17, ilifikia asilimia 56. Itakuwa makosa kuubebesha uzazi lawama ya unene wote unaoonekana Nairobi au Kigali: vyakula vya viwandani, kazi za kukaa na kipato cha mjini vina sehemu kubwa zaidi. Itakuwa makosa zaidi kuwabebesha akina mama. Ila kizazi ambacho mama zao walishinda njaa na ambacho sasa kinanunua soda kwenye kila kona ndicho hasa kinachofanana na kile cha Amsterdam.

Kwa mtazamo huo, mtoto ambaye mimba yake ilitungwa Kivu Kusini mwezi Machi 2025 hatazamwi vya kutosha na mpango wowote uliopo. Atafikisha miaka 19 mwishoni mwa mwaka 2044. Akibaki kijijini akilima, huenda mwili wake ukafaa kwa maisha hayo. Akihamia Bujumbura, Dar es Salaam au Kampala, kama wanavyofanya vijana wengi, atakuwa amebeba mwili ulioandaliwa kwa safari nyingine.

Huduma za dharura zimepangwa kwa namna isiyolingana na ujuzi huu. Tangu mwaka 2010 mashirika yamekuwa yakihubiri umuhimu wa siku 1,000 za mwanzo, na siku hizo huhesabiwa tangu kutungwa kwa mimba. Lakini unga wa lishe na vidonge vya madini ya chuma hutolewa mama anapojitokeza kliniki, na akina mama wengi katika ukanda huu hujitokeza mimba ikiwa na miezi minne, mitano au zaidi, wengine kwa kuona haya, wengine kwa sababu kituo kiko mbali au njia si salama. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu mwaka 2016 kwamba hudhurio la kwanza liwe ndani ya wiki 12. Katika kambi ya Musenyi, kusini-mashariki mwa Burundi, ambako wakimbizi wengi wa Kivu walipelekwa, pendekezo hilo lingehitaji kumfikia mwanamke ambaye pengine mwenyewe hajajua kuwa ni mjamzito.

Njia ya kumfikia ni moja tu, na haina ufundi mkubwa: kumlisha vizuri kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, awe na mimba au asiwe nayo. Hilo ni ghali, na limekuja wakati mbaya. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lililazimika kupunguza mgao wa wakimbizi nchini Burundi hadi nusu kwa kukosa fedha. Fedha zinapopungua, desturi ni kuwapa kwanza wanaoonekana kudhoofika zaidi, yaani watoto wenye mikono myembamba na wajawazito ambao matumbo yao yamekwisha kuonekana. Uamuzi huo unaokoa maisha, na hakuna anayeweza kuulaumu. Unachoacha nje ni zile wiki za mwanzo ambazo Uholanzi ilizionyesha kuwa nzito kuliko nyingine kwa uzito wa baadaye.

Lipo pia suala la kumbukumbu, ambalo ni rahisi zaidi kulitekeleza. Yote yanayojulikana kuhusu Amsterdam yanatokana na madaftari ya hospitali yaliyotunzwa kwa miaka 50. Katika vituo vingi vya mpakani kadi ya kliniki hukaa kwa mama. Anapohamishwa kutoka kituo cha mapokezi kwenda kambini, au anaporudi ng'ambo ya Rusizi mapigano yanapotulia, kadi husafiri naye ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na nguo, na mara nyingi hailingani tena na daftari lolote.